Kurasa Mbili Zilizogandana

Kanduyi, Bungoma
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa Tata Peris,

Kuna mlio mmoja ambao haujaniacha tangu nihamie huku: punje za kwanza za mahindi zikianguka kwenye debe tupu. Si zile za baadaye, ambazo huangukia nyingine zikanyamaza. Ni zile ishirini za mwanzo zinazogonga bati kama mvua ambayo haijaamua kunyesha. Jana jirani yangu alikuwa akipukuchua mahindi uani. Nikasimama na sufuria mkononi, na kwa muda nilikuwa ghalani kwako Kitale, Desemba ile niliyorudi likizo ya chuo. Wewe umekalia kile kiti kifupi, mimi nimefunika miguu kwa gunia, na Lorraine, miaka saba, yuko juu ya magunia akitusomea kitabu chake kwa sauti. Ukasema, "Sikiliza huyo mtoto. Hata hakwami!"

Nianze vizuri sasa, la sivyo utanirudishia barua. Hujambo, Tata? Goti linasemaje? Miwani mipya umeizoea? Wasalimie akina mama wa kanisani, na umwambie Lorraine dada yake anamkumbuka kila siku. Mimi ni mzima. Nitamtafuta Waithaka wa pikapu ya kabeji sokoni Chwele nimpe barua hii, kwa kuwa umekataa katakata kusoma ujumbe wa simu, ati ni herufi za sisimizi.

Watu bado wananiuliza kwa nini niliacha sekondari ya wasichana nikaomba kuhamishiwa shule ya msingi. Mmoja aliniuliza kwa upole ni kosa gani nililofanya. Darasa letu, la watoto ambao kusoma kumewashinda katika madarasa ya kawaida, lilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Tuna wanafunzi kumi na saba, mdogo ana miaka minane, mkubwa kumi na mitano. Shule ni ya serikali, sare ni ile ile, wanakula na wenzao na kucheza na wenzao. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna gredi. Kuna hatua, na mtoto huivuka hatua yake siku anapoiweza.

Krismasi Lorraine aliniambia tumbo humuuma asubuhi kabla ya shule. Nilimtania kwamba ni chapati. Sasa yuko Gredi ya Saba, masomo tisa na walimu wengi. Nakuuliza kwa heshima, Tata, wewe dada ya mama uliyetulea baada yake na baba kuondoka: je, anasoma?

Mwanao,
Mwihaki


Kitale
9 Machi 2025

Kwa mwanangu Mwihaki,

Barua yako imefika. Ulisahau mkato mahali pawili lakini nimekusamehe.

Hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Goti ni lile lile, limezeeka kabla yangu. Shamba limelimwa na tunatazama mawingu ya Cherangani, ambayo mwaka huu yanakuja na kugeuka kama wageni waliokosa nyumba. Akina mama wa kanisani wanakusalimu, na wanauliza utaolewa lini. Nimewaambia wakuulize wewe.

Unauliza kama Lorraine anasoma. Anasoma. Kila jioni kabla ya chakula tunapitia somo la kesho pamoja. Namsomea kwanza ili ashike matamshi, kisha naye anasoma. Walimu wake wa shule ya msingi hawakuwahi kulalamika hata siku moja. Sasa masomo ni mengi, na macho yangu huchoka, lakini tunajitahidi.

Anasahau kidogo, hilo nakubali. Wiki iliyopita nilimtuma dukani kwa Jagdish. Nilimtajia vitu: daftari tatu, kalamu, sabuni, kamba. Nikaviandika, na kabla ya kuikunja karatasi nikakumbuka sindano na uzi mweupe, nikaongeza chini. Akarudi na vyote isipokuwa sindano na uzi. Jumanne nikaenda mwenyewe. Jagdish unamjua, huongea kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara.

"Mwalimu! Huyu mtoto unamwita mama ametuangusha juzi. Akishaenda ndiyo naona karatasi ameacha inasema uzi. Mimi namwambia soma tena, yeye anasoma yote akiniangalia mimi kwa macho. Uzi hakuna!"

Nikamwambia ni haraka ya watoto.

"Haraka gani, Mwalimu? Si alisimama hapa nusu saa akinipa hadithi ya paka ya jirani!"

Watu wakacheka dukani, nami nikacheka. Hata wewe ulikuwa ukisahau vitu. Uliwahi kurudi kutoka kwa huyo huyo Jagdish na kitu kimoja kati ya vitano, tena hicho kimoja kilikuwa peremende.

Kuhusu darasa lako, nakupongeza. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na sita na najua kazi hiyo inahitaji moyo. Lakini ukumbuke hilo Kui la Lorraine ni jina la nani. Kwetu mtoto wa pili wa kike ni nyanya yake amerudi, ndiyo maana namwita Maitu, mama yangu. Siwezi kumchukua mama yangu mzazi nikamkalishe mahali ambapo watu

Tuyaache hayo. Maharagwe yanaungua.

Wako,
Tata Peris


Kanduyi
30 Machi 2025

Mpendwa Tata,

Natumaini mvua imewafikia. Huku imenyesha siku nne mfululizo na barabara ya kuelekea shuleni imekuwa uji. Nimefurahi goti halijazidi. Waambie akina mama wa kanisani kwamba nitaolewa siku watakaponiletea mtu anayeweza kunyamaza saa mbili.

Nimesoma hadithi ya Jagdish mara nne. Mara ya kwanza nilicheka pia. Nilimwona kabisa nyuma ya meza yake, na nikasikia ile harufu ya duka lake kila Januari, ya daftari mpya, gundi na karatasi za kaki. Unakumbuka ulivyokuwa ukitufunikia vitabu mezani? Ulikuwa ukikunja pembe kwa ukucha wa kidole gumba, na hakuna kitabu cha mtoto wako kilichowahi kufika Desemba bila jalada. Nilikuwa nikiamini mtoto mwenye jalada kama lile hawezi kushindwa na shule.

Mara ya nne sikucheka. Tata, hakusahau. Vile ulivyomtajia kwa mdomo alivileta vyote. Alivyokosa ni vile vilivyokuwa kwenye karatasi tu.

Nikueleze ninachokiona hapa. Kuna msichana wa miaka kumi na mmoja aliyekaa miaka minne nyuma ya darasa kubwa akinakili ubao bila kujua anaandika nini. Daftari zake ni safi kuliko zangu. Tulianza naye na mchanga kwenye sinia, anachora herufi kwa kidole huku akitamka sauti yake. Wiki hii alisoma jina la dawa kwenye chupa ya nyanya yake. Mwenzangu Nakhungu, ambaye ni Mbukusu wa Naitiri na amefundisha watoto hawa miaka tisa, alipiga makofi hadi walinzi wakaja kuangalia. Nilimwuliza siku moja kama anawaona kuwa wazito. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mwarimu, uzito gani? Hawa hawana shida. Ni shure ndiyo iritembea mbio ikawaacha kwa barabara. Sisi tunarudi kuwachukua, basi."

Kuna kituo cha tathmini cha serikali hapa mjini, wanachunguza kwa nini mtoto hashiki kusoma. Ni saa mbili tu, mtoto anaongea na mtu mpole mezani. Niruhusu nimpeleke Lorraine. Sikulaumu. Ninachoogopa ni kwamba mwakani atakuwa Gredi ya Nane, kisha ya Tisa na mtihani wake, na hakuna jioni ndefu ya kutosha kumsomea masomo tisa. Siku moja atakataa kutoka kitandani, na hatutaweza kusema ni tumbo.

Nijibu upesi.

Mwihaki


Kitale
1 Juni 2025

Mwihaki,

Salamu. Barua yako ilikaa chini ya kiti cha pikapu ya Waithaka wiki nne na bado inanuka kabeji. Ilipofika ilikaa ndani ya Biblia yangu wiki nne nyingine. Hizo za pili si kosa la Waithaka.

Mvua ilikuja. Mahindi yako kwenye magoti. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike. Mwalimu Muturi, mkuu wa shule ya Lorraine, nilikutana naye nje ya kanisa. Alinisalimia mara mbili, akaniuliza habari za ndama, kisha akaondoka kama mtu aliyesahau jambo. Nilimfundisha darasa la kwanza, na hata wakati huo alikuwa hivyo.

Lorraine alikosa shule siku sita muhula huu.

Atakuja kwako likizo ya Agosti. Anakuja kutembea, si kupimwa. Naandika tena: kutembea.

Samahani kwa herufi kubwa, ni hii miwani.

Tata Peris


Kanduyi
10 Agosti 2025

Mpendwa Tata,

Lorraine alifika salama Jumamosi iliyopita, amekaa mbele kwa Waithaka kama bibi harusi, na mfuko wa viazi magotini. Asante kwa viazi, na asante kwa blanketi, ingawa huku ni joto. Anakula vizuri. Tumeenda hadi uwanja wa Masinde Muliro kuona vijana wakifanya mazoezi, na amejua majina ya wachezaji wote kumi na mmoja kwa kusikia tu wakiitwa. Ana kichwa, Tata. Nilikuwa nimesahau.

Usiku wa mvua ya mawe, mwaka ule bati la jikoni lilipong'olewa, ulitukumbatia wote wawili chini ya meza ukatufundisha wimbo wa kuhesabu ili tusisikie. Lorraine anaukumbuka wote. Alikuwa na miaka mitatu.

Sijampima. Ulisema kutembea, tumetembea. Lakini hukunikataza kuongea naye. Juzi tulikuwa tukichambua mboga, nikamwuliza tumbo huuma siku gani.

"Siku Tata anasinzia."

"Anasinzia wapi?"

"Akinisomea. Macho inachoka, anasinzia kabla tumalize. Mimi siwezi kumwamsha, si amechoka? Sasa kesho yake teacher akiniita, sina kitu. Tumbo inauma hata kabla niamke."

Aliendelea kuchambua mboga. Hakuwa amelalamika, alikuwa amejibu swali.

Tata, kuna jambo ambalo sikulisema kwenye barua ya kwanza, wala kwa miaka sita. Siku ile ghalani, akitusomea, nilikuwa nimekaa karibu naye. Kurasa mbili za kitabu chake zilikuwa zimegandana kwa uji. Alizifunua kama ukurasa mmoja, na akasoma yote yaliyokuwa katikati, neno kwa neno, bila kuyaona. Wewe ukasema hata hakwami. Nami nikaona uso wako, jinsi ulivyokuwa ukimtazama, nikaendelea kupukuchua. Baada ya siku kumi nikarudi chuoni, ambako nilikuwa nikisomea ualimu, na kupata alama za juu kabisa.

Nisamehe. Sasa naomba tena uniruhusu.

Mwihaki


Kitale
17 Agosti 2025

Mwanangu,

Sina habari za nyumbani leo. Nyumba ni kubwa bila Maitu, na ndama anamtafuta.

Umeomba msamaha kwa jambo ambalo si lako peke yako. Kurasa zile niliziona mimi. Ni mimi niliyemwaga ule uji, asubuhi ya siku hiyo, na nilipanga kuzitenganisha kwa maji ya moto. Niliposikia anazipita bila kukwama nilijua. Kwa hiyo tulikuwa watatu ghalani, na wote watatu tulijua.

Sasa nikwambie nami. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kujua kusoma na nilikuwa na kiburi cha jogoo. Jumapili moja kanisani nilimtazama mama yangu akiimba, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mbele yake, nami nikaona kimegeuzwa juu chini. Nilicheka, Mwihaki. Nilicheka kwa sauti nikawaonyesha wenzangu kwa kidole, nao wakacheka. Mama alifunga kitabu polepole. Tangu siku hiyo hadi tulipomzika, hakufungua kitabu tena mbele ya watu. Akiulizwa alisema amesahau miwani nyumbani. Hakuwahi kuwa na miwani.

Mama yenu alipomzaa Lorraine akampa jina lile, niliona nimerudishiwa. Niliapa hakuna atakayemcheka. Nimekuwa nikimsomea tangu darasa la kwanza, kila jioni, na hakuna aliyemcheka hata mara moja. Nimefundisha watoto wa watu wengi kusoma. Huyu nilimfundisha kufichika, na nilikuwa mwalimu hodari katika hilo pia.

Lakini sasa usinichukulie Maitu. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Waithaka atapita kwako Jumamosi kutoka Chwele, umpe Lorraine na vitu vyake. Nitakwenda kutafuta miwani mingine. Nguvu bado ninazo.

Usimkalishe mahali ambapo watu watamwonyesha kwa kidole.

Tata Peris


Kanduyi
Jumanne, 26 Agosti 2025

Mpendwa Tata,

Salamu nyingi, na pole kwa wasiwasi. Waithaka alikuja Jumamosi, akanywa chai, akasubiri saa nzima, akaondoka na kabeji zake tupu kama alivyosema mwenyewe. Nilimwomba akwambie kwa mdomo kwamba Lorraine ni mzima na kwamba barua inakuja. Ninajua ulikaa mlangoni. Hilo ni kosa langu, na sitalipunguza kwa maneno.

Barua yako nililia nayo. Nilikumbuka nyanya alivyokuwa akinipa karatasi za dawa zake, "nisomee wewe, macho yako ni mapya," nami nikijiona mkubwa. Kumbe hata mimi nilikuwa miwani yake. Tata, ulimcheka ukiwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa hucheka. Lakini baada ya hapo nyumba nzima ilimfichia, kwa upendo, na hakuna hata mmoja aliyeketi naye akageuza kitabu kikasimama sawa. Tumefanya vivyo hivyo mara ya pili. Sikutaka kuingojea ya tatu.

Siku barua yako ilipofika, sikumsomea siri zako. Nilimwuliza tu.

"Unataka kurudi?"

"Kwa Tata, ndio. Kwa ile shule, zii."

"Kwani ni vitu viwili?"

"Si nyinyi ndio mliviweka pamoja?" Kisha akafikiri. "Lakini nikikaa huku, jioni Tata atasomea nani?"

Nakupelekea swali hilo kama lilivyo.

Ijumaa nilimpeleka kituoni. Mama aliyempima aliongea naye saa mbili, wakacheka mara nyingi. Macho ni mazima, masikio ni mazima, akili ni kali. Herufi ndizo hazimkalii mahali pamoja, na kuna njia ya kuzikalisha. Ni ndefu, lakini watoto huipita kila mwaka. Alisema pia kwamba hajawahi kukutana na kumbukumbu kama ya Lorraine, akauliza ni nani aliyemlea. Nilimtajia jina lako.

Kisha nikampigia Mwalimu Muturi, kwa kuwa ni lazima shule ya zamani imwachilie mtoto kwenye mfumo wa serikali kabla ya mpya kumpokea. Nilijiandaa kwa hotuba. Hakuniachia nafasi.

"Mwihaki, nimengoja mtu aniombe hii kitu tangu mwaka juzi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwalimu Peris? Bana, yule ndiye alinishika mkono nikaandika a. Nilijaribu kanisani, nikajipata naongea maneno ya ng'ombe."

Alimwachilia siku hiyo hiyo.

Jana asubuhi Lorraine aliingia darasani kwetu. Nakhungu alimwuliza jina, akamkalisha karibu na dirisha, akamwekea sinia la mchanga. Mwenzake mmoja akauliza, "Huyu mkubwa hivi hajui?" Lorraine akajibu kabla sijafungua mdomo: "Sijui. Wewe unajua herufi ngapi?" Yule akahesabu kwa vidole, akasema kumi na nne. "Basi nionyeshe hizo kumi na nne." Wakaanza. Hakuna aliyecheka, Tata. Nilisimama mlangoni makusudi ili nione kama kuna atakayecheka.

Ataishi nami. Kila Ijumaa ya pili nitamleta Kitale mwenyewe, kuanzia tarehe tano Septemba. Ukitaka kunifungia mlango nitaelewa, lakini yeye mfungulie.

Fomu ya usajili ilikuwa na mahali pa jina la mlezi. Kalamu ilisimama hapo muda mrefu, kwa kuwa jina linalostahili ni lako. Nilijua pia kwamba nikikuandikia kwanza, nitangoja jibu, na jibu litakaa ndani ya Biblia hadi Oktoba. Kwa hiyo nikaandika langu, nikatia sahihi, nikamkabidhi katibu wa shule saa nne asubuhi. Lorraine Kui ni mwanafunzi wa hapa tangu jana.

Mwanao,
Mwihaki